Tundu Lililozibwa

Bibi alilifungua fundo la pindo la khanga yake kwa meno, akatoa rupia, akaniwekea kiganjani kama anayenipa vidonge. "Kauze, mume wangu, umalizie hicho kitabu."

Kitabu anachokisema ni tasnifu yangu ya uzamili, ambayo wakati huo ilikuwa imekwama kwenye hatua isiyo na heshima yoyote ya kitaaluma: hela ya kuchapa nakala na kuzifunga majalada magumu. Maabara nilishamaliza, majedwali nilishamaliza, msimamizi alishaweka sahihi. Nilikuwa nimekwama steshenari.

Tulikuwa jikoni kwake, juu ya Tengeru, upande wa kupandia Nkoaranga, asubuhi ambayo Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Sarafu ilikuwa bado na joto la mwili wake. Upande mmoja alikuwepo Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Upande wa pili simba, mti, na jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo kuanzia mwaka 1890 ilikuwa ikitoa sarafu kwa jina lake yenyewe, kampuni ya biashara inayojitengenezea fedha kama dola. Mwaka ulioandikwa ni 1891. Gramu 11 na ushei, karibu yote fedha halisi.

Nilijua pa kuipeleka, kwa sababu mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeshaharibu nyingine.

Ile nyingine niliikuta kwenye kopo la Africafe ambamo bibi huweka vifungo na sindano: hela ishirini ya mwaka 1916, yenye herufi T chini ya taji. T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizingirwa baharini, sarafu kutoka kwao hazikufika tena, wakaanza kugonga za kwao kwenye karakana ya reli ya Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, Singida, wakatengeneza ile rupia kumi na tano yenye tembo na mlima nyuma yake, ambayo leo wakusanyaji wanaililia. (Mlima huo unasemekana ni Kilimanjaro. Sisi wa huku tungependa uwe Meru, lakini hatukuulizwa.) Hela za watu wa kawaida ziligongwa kwa shaba na shaba nyeupe, chochote kilichopatikana. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikaisha. Utawala ule uliondoka, neno likabaki: ukisema "sina hela" leo unaitaja sarafu ya Kijerumani bila kujua.

Yangu ilikuwa nyeusi. Nikaichukua, nikakata ndimu, nikachota majivu, nikaisugua vile bibi anavyosugua sufuria, mpaka ikang'aa kama kitasa kipya cha mlango. Nilijivunia. Kisha nikaipeleka mjini kwa mzee mmoja mwenye kiduka cha vinyago na vitu vya kale, si mbali na Mnara wa Saa. Aliiweka chini ya lenzi yake kwa sekunde tatu.

"Nani kaiosha?"

Nikanyamaza. Akafungua droo akatoa hela nyingine ya Tabora, mbaya kwa macho yangu kuliko yangu: imepinda kidogo ukingoni, sehemu moja ngozi ya juu ya metali imebanduka kama rangi ya ukuta, na kwenye taji kuna mstari ulioinuka, alama ya ufa. "Hii," alisema, "ni mara nne ya yako."

Nasoma mambo ya metali, kwa hiyo nilipaswa kuelewa kabla hajaeleza. Ngozi inabanduka kwa sababu metali ilipomiminwa ilikuwa na uchafu au hewa ndani yake, na ilipokandamizwa kuwa bamba ule uchafu ukalala kati ya tabaka mbili. Mstari ulioinuka unatokea muhuri wa kugongea unapopasuka: ufa wa muhuri unajaa metali, na kila sarafu inayofuata inabeba alama hiyo. Hizo zote ni kasoro, lakini zilikuwepo sekunde ile sarafu ilipodondoka kutoka kwenye mashine. Mpimaji anaziona, anaziandika, na kwa sarafu kama ya Tabora anazisamehe karibu zote, kwa sababu pale hakuna iliyozaliwa bila kasoro. Mikwaruzo yangu ya majivu, ambayo huioni mpaka uinamishe sarafu kwenye mwanga, haisamehewi. Ilikuja baadaye.

Nilipewa elfu kumi na tano na somo. Nadhani somo lilikuwa na thamani zaidi, ingawa steshenari hawapokei masomo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria huo mstari kati ya kasoro ya kuzaliwa nayo na kasoro ya kuishi. Mizani inayotumiwa na wapimaji inaanzia 1 na kuishia 70. Iliwekwa na Mmarekani aitwaye William Sheldon, kwenye kitabu alichokichapisha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, na mwanzoni lilikuwa wazo la kibiashara kabisa: sarafu ya 70 iwe na bei mara sabini ya sarafu ya 1. Baadaye yakaja makampuni ya kupima, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, ambayo huifungia sarafu ndani ya plastiki ngumu pamoja na namba yake. Iliyooshwa, iliyotobolewa au iliyokarabatiwa kwa kawaida hainyimwi plastiki, inanyimwa namba. Inaandikiwa tatizo lake kwa maneno, basi.

Namba 70 maana yake ni nini? Ni sarafu ambayo haijatofautika hata kidogo na vile ilivyokuwa ilipogongwa. Haijawahi kukaa mfukoni, haijahesabiwa sokoni, haijashikwa na mkono wenye jasho. Kwa maneno mengine, haijawahi kununua kitu. Sarafu iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo haikufanya hata siku moja kazi iliyoumbiwa.

Huyo Sheldon alikuwa mwanasaikolojia, na kabla ya senti alikuwa ameshajaribu kupanga miili ya binadamu kwa namba, kutoka 1 mpaka 7, akidai umbo la mtu linafichua tabia yake. Alifariki mwaka 1977. Baadaye ikabainika kwamba alikuwa akichukua senti nzuri kutoka kwenye mkusanyo wa chama cha wataalamu wa sarafu cha Marekani na kuacha zake dhaifu mahali pake. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba. Lakini halithibitishi chochote. Mizani ya mwizi inaweza kuwa sahihi. Kinachonisumbua si Sheldon, ni jinsi nilivyoikubali kanuni yake haraka, kana kwamba niliijua tangu zamani. Na kweli niliijua. Kwenye matokeo yangu ya shahada ya kwanza kuna sapu moja, ya muhula ambao baba alikufa. Kila aliyeyashika yale matokeo ameiona, na hakuna aliyeuliza ilikuwa mwezi gani.

Halafu kuna suala la matundu. Hela kumi za Wajerumani zilitolewa na tundu katikati. Senti kumi za Waingereza waliowafuata nazo zilikuwa na tundu, na kwa sababu ya tundu hilo hakuna nafasi ya sura ya mfalme, jina tu. Ndiyo maana mwaka 1936, Edward wa Nane alipokaa madarakani chini ya mwaka mmoja na kujiuzulu kabla ya kuvikwa taji, senti za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa sarafu chache duniani zilizowahi kutoka na jina lake. Tundu la kiwandani ni ubunifu. Tundu hilohilo likitobolewa na mwanamke anayetaka kuvaa sarafu shingoni, ni uharibifu. Kipenyo kinaweza kuwa kilekile.

Nilifika kwa yule mzee na rupia ya bibi nikiwa na adabu mpya. Sikuigusa katikati, nilishika ukingoni. Aliitazama mbele na nyuma, akaipima, akasema laki na sabini, nirudi Jumatano atakuwa na fedha mkononi. Ilitosha nakala zote na nauli. Nilipanda daladala ya kurudi Tengeru nikiwa mtu tajiri.

Jumatatu jioni, maabara ikiwa tupu, niliiweka chini ya hadubini. Msimamizi wangu akisoma hapa anisamehe. Ilikuwa udadisi tu. Nilitaka kuona nywele za mfalme kwa karibu. Nilichokiona ni duara. Juu kabisa, karibu na ukingo, palipo na bawa la yule ndege wa kofia, kulikuwa na duara jembamba lenye rangi tofauti kidogo na lililobaki, na ndani yake bawa lilikuwa limechorwa kwa mkono na mtu mwenye subira nyingi. Niliipitisha kwenye mashine ya kusoma aina za metali. Ndani ya duara fedha imepungua, shaba imeongezeka, na kuna zinki, ambayo hutiwa ili kilehemu kiyeyuke kwenye joto dogo. Rupia ilitobolewa, kisha tundu likazibwa. Aliyeliziba alikuwa fundi kwelikweli, kwa sababu kwa lenzi ya mkono halionekani. Mzee hakuliona.

Jumanne nikapanda kwa bibi.

"Bibi, hii rupia ilikuwa na tundu?"

"Si liliziba?" alisema, kama mtu anayeulizwa habari za kidonda cha utotoni.

Mama yake aliivaa shingoni, ndivyo alivyoikuta tangu anapata akili. Ilitoka kwa baba wa mama yake, aliyefanya kazi kwa Wajerumani. Bibi hajui kazi gani. Mimi najua tu kwamba boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa kwenye mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru ambao hawakuombwa, na kwamba tangu mwaka 1898 kila kibanda kilidaiwa kodi ya rupia tatu. Rupia inayoning'inia shingoni ni rupia ambayo haikwenda kwenye kodi. Sijui aliinusuru vipi.

Kisha ukaja mwaka 1951. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, anakumbuka watu waliofika usiku na ng'ombe wachache na vyombo, ndugu wa upande wa baba yake, kutoka Engare Nanyuki. Serikali ya Waingereza ilikuwa imewafukuza Wameru kwenye ardhi hiyo, ikachoma nyumba, ili wapewe walowezi. Wameru wakaamua kupeleka mashtaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaeleza. Safari ile ililipiwa na michango ya watu wa huku.

Mama yake bibi hakuwa na shilingi. Alikuwa na rupia. "Mama alisema hawezi kupeleka Umoja wa Mataifa kitu chenye tundu," bibi alisema. Basi walitembea mpaka mjini, yeye na mama yake, kwa sonara mmoja wa Kihindi, wakamlipa kuku wawili, akaliziba. Walirudi na sarafu nzima. Mwenye daftari la michango aliigeuzageuza, akasema kwa upole, "Mama, hii ilishakufa. Haitumiki." Alirudi nayo nyumbani. Mchango aliutoa, shilingi mbili za kukopa, na rupia haikurudi shingoni kwa sababu haikuwa tena na pa kupitisha uzi.

Sina ushahidi wa hadithi hii zaidi ya kinywa cha bibi na duara lile chini ya hadubini. Vinakubaliana.

Mwenzangu wa chumba anatoka Tanga na anapenda kubishana usiku. Nilimweleza yote, nikamwuliza: nimwambie mzee, au ninyamaze? Duka ni lake, lenzi ni yake, bei kaitaja mwenyewe. Sikusema uongo hata neno moja.

"Unajua neno aibu limetoka wapi?" aliniuliza. Kwa Kiarabu, alisema, maana yake ya kwanza ni kasoro, na kwenye sheria ya Kiislamu ya biashara neno hilo ndilo linalotumika kwa dosari ya bidhaa: ukiuza kitu chenye aibu bila kuionyesha, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Sisi Waswahili tukalichukua neno tukalihamisha kutoka kwenye bidhaa tukalipeleka kwa mtu. "Ukiificha aibu ya kitu," alisema, "inakuwa ya kwako." Kisha akageukia ukutani kulala, kama wafanyavyo watu wa Tanga wakishashinda.

Swali lenyewe ni la zamani. Cicero, kwenye kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfanyabiashara anafika Rhodes na meli ya ngano, kisiwa kina njaa, na yeye peke yake anajua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, aseme? Diogenes anaona inatosha muuzaji atangaze dosari ambazo sheria inamtaka atangaze, na zaidi ya hapo auze bila hila. Kunyamaza si kuficha. Antipater anasema hapana, mnunuzi ajue kila anachokijua muuzaji. Mimi nilikuwa Diogenes mpaka saa nane za usiku. Nilichoshindwa kukivuka ni kwamba yule wa Rhodes alikuwa anajua habari za mbali, meli za watu wengine. Mimi nilikuwa najua habari za kitu chenyewe ninachokiuza.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzangu hakulisema, na likanisumbua zaidi. Mama yake bibi naye alificha tundu. Alilipa kuku wawili ili kasoro isionekane. Ukiwaweka wawili hao chini ya hadubini, yeye na muuzaji tapeli, kilehemu ni kilekile, na bawa limechorwa kwa ustadi uleule. Nimejaribu kusema kwamba tofauti ni nia: yeye alikuwa anatoa, tapeli anachukua. Lakini hata anayetoa anaweza kumdanganya anayepokea. Nadhani tofauti iko karibu zaidi na adabu. Mtu anayefua nguo yake moja kabla ya kwenda msibani hadanganyi kwamba anazo nyingi.

Na bado siwezi kumlaumu mpimaji. Ningependa kuandika kwamba soko halina moyo, kwamba kila kovu ni historia, lakini mikwaruzo ya ndimu na majivu kwenye ile hela ya Tabora nayo ni makovu, na historia yake ni uzembe wangu. Chini ya lenzi mkwaruzo wa mjinga na alama ya mwenye shida vinafanana. Metali haisemi. Mpimaji anapokataa kutoa namba kwa sarafu iliyozibwa, anakiri tu kwamba hawezi kuipanga kwenye mstari mmoja na nyingine, na hapo hajakosea.

Jumatano nilikwenda. Mzee alikuwa ameshazihesabu, zimefungwa kwa mpira. Nilimwambia kabla sijakaa.

"Shikamoo, mzee. Rupia ilitobolewa ikazibwa. Hapa, kwenye bawa."

Aliitikia marahaba huku ameshaichukua. Alikaa nayo dirishani muda mrefu, akaigeuza, akabadilisha lenzi. Mwishowe akasema, "Huyu alikuwa fundi." Hakunishukuru, na sioni kwa nini angenishukuru. Akatoa noti kadhaa kwenye mpira, akarudisha nyingi mfukoni. Elfu hamsini na tano. Niliuza. Sikutaka kujifanya shujaa wa kurudi nayo. Bibi alisema kauze.

Nilichapa nakala mbili badala ya nne, jalada laini, nikamwomba karani wa idara aniandikie kwamba nyingine zinakuja. Zilizobaki nilinunua sukari na mafuta ya taa nikapandisha nazo Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, daladala imejaa mikungu mpaka mlangoni.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza yote: bei ya kwanza, hadubini, jinsi nilivyomwambia mzee, bei ya pili. Alisikiliza bila kusimamisha kisu. Nilikuwa nasubiri aniambie nimefanya vizuri, nakiri.

"Ulimwambia lilizibwa kwa ajili gani?"

"Hapana, bibi. Hakuuliza."

Alitupa ganda kwenye beseni, akachukua ndizi nyingine.